Kuchechemea kwa Siri

Februari 9

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila jino la nyuma ambalo linanikumbusha umri wangu kila nikinywa kitu cha baridi. Niambie kaka ameandika nini kutoka huko walikomhamishia, na tumbo la wifi limefikia wapi, maana mimi hanijibu. Kaka yangu anaamini kwamba barua ni kitu cha kupokea.

Koti limefika. Nililivaa siku ile ile nikaenda nalo kazini, na mabega yamekaa kama nilivyoomba. Lakini Shangazi, pale juu ya kiwiko, msumari wa droo ulipotoboa, pale ulipotililia kwa uzi kuziba tundu, nimepaona. Tangu nizaliwe sijawahi kupaona mahali ulipotililia. Nilipokuwa mdogo ulikuwa unanirushia sketi yangu ya shule, unaniambia nitafute tundu lilikuwa wapi, na nikilikosa ulikuwa unacheka mpaka unaiweka sindano chini. Safari hii sikutafuta. Pengine ni taa ya chumba changu. Pengine nimekuwa mkorofi wa macho kwa kusoma maandishi madogo. Lakini nimepata hofu, na sipendi kukaa na hofu bila kukuambia. Macho yako yakoje?

Kazini ni kama siku zote, yaani kubaya. Mhariri mkuu anagonga penseli mezani tangu anapoingia mpaka anapotoka. Mwenzangu wa meza ya kushoto ameniibia kifutio tena, safari hii amekikata nusu ili nisikitambue. Chai inakuja imepoa, na anayeileta ananuna kana kwamba tuliipoza sisi.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Kamusi yetu ya Kiingereza kwa Kiswahili imefika herufi ya D, na mimi nimeangukiwa na kitenzi ambacho hata wenye lugha yao hawakitumii kila siku: dissemble. Kamusi ya zamani imeandika “danganya, ficha, jifanya” ikaenda zake kulala. Mhariri mkuu anasema maneno matatu yakirundikwa hivyo hayaelezi kitu. Anataka neno moja. Kama neno hakuna, anataka maelezo mafupi na mfano kutoka kwa watu wa kawaida. Hapo nikakukumbuka wewe, kwa sababu kila aina ya mtu hupita dukani kwako akavua nguo, na mtu akishavua nguo hafichi sana maneno. Kitenzi chenyewe maana yake ni kuwa na jambo moyoni au mwilini, ukavaa uso wa mtu asiye nalo. Nitafutie neno.

Wako,
binti wa kaka yako


Machi 4

Bi Maneno,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imekaa siku kadhaa mezani kabla sijaisoma, kazi zilikuwa nyingi. Kaka yako hajambo. Wifi yako tumbo limeshuka na hataki kuongeleshwa, kwa hiyo mtoto yuko njiani. Fundi saa anakusalimu sana. Siku hizi tuko naye duka moja, nimempa upande wa mbele, pale dirishani, mimi nimehamia nyuma. Tunagawana kodi na umbea.

Hiyo disembo yako nilipoiona nilidhani umeandika mwezi wa kumi na mbili kwa mwandiko mbaya. Nimeirudia mara mbili ndiyo nikaelewa kwamba ni kitenzi. Mimi sioni shida iko wapi. Mtu anazuga, basi. Au anajitia hamnazo. Juzi amekuja mama mmoja na gauni la zamani, anataka nilipanue kiunoni, ananiambia, “Fundi, dobi amelirudisha hili, limekuwa dogo.” Kitambaa kile hakirudi hata ukikichemsha pamoja na kuni. Nikamwambia, “Pole, mama, madobi wa siku hizi hawafai.” Sasa hapo nani amedisembo, yeye au mimi? Andika “zuga” mwende herufi ya E, mmekaa kwenye D tangu mwaka jana.

Kuhusu koti, taa ya duka iliungua siku ile na nilikuwa nakimbilia posta isifungwe. Macho yangu yapo pale pale yalipowekwa, moja huku na moja huku, pua katikati. Usijitie wasiwasi wa bure. Jino ling’oe.

Shangazi


Machi 30

Shangazi,

Shikamoo. Jino nimeling’oa na nimepata adabu. Nimemwandikia kaka kuulizia mtoto, na unajua alichojibu.

Nashukuru kwa mama wa gauni, nimemwandika kwenye kadi. Lakini “zuga” mhariri mkuu ameikataa, na ameikataa kwa haki. Anayezuga anapoteza muda au anapoteza watu njia, na anaweza kuwa hana chochote cha kuficha. Kujitia hamnazo ni kuonyesha hujali. Hilo ni pozi moja tu kati ya mengi. Nimekaa na kitenzi hiki mpaka nimekiota, na nadhani sasa nawajua ndugu zake.

Kudanganya kunataka kauli. Lazima useme, au uandike, jambo lisilo kweli. Mama wa gauni alidanganya, basi. Kuficha kunataka kitu na mahali: unaweka ufunguo chini ya godoro, unaenda zako kulala, kazi imekwisha. Kujifanya ni kuonyesha usichonacho. Mwenye miguu mizima akichechemea mbele ya mlango wa hospitali ili apishwe foleni, huyo anajifanya. Sasa mgeuze. Chukua mtu ambaye kweli anachechemea, mguu unamuuma, halafu akiona watu ananyoosha mgongo na kutembea wima mpaka apite kona. Huyo ndiye. Ule mguu anao, anachoonyesha ni kutokuwa nao. Na tofauti na mwenye ufunguo, yeye hawezi kwenda kulala, kwa sababu anaubeba mwendo huo wakati wote anaotazamwa. Nimeona kwamba ndicho kitenzi kinachochosha kuliko vyote vitatu.

Huo ndio mfano wangu. Neno lenyewe bado sina.

Nina swali lingine, halina uhusiano na kamusi. Ulikuwa unasema dirisha ni nusu ya fundi. Uligombana na mwenye nyumba mwaka mzima ili upate upande ule. Kwa nini umempa fundi saa? Pia mwandiko wako umenenepa. Zamani ukurasa mmoja ulitosha habari za ukoo mzima, sasa umejaza kurasa tatu kwa mama mmoja na gauni lake.

Kazini, wamekuja watu wawili na mchapishaji wakapima vyumba kwa futi kamba. Hawakutusalimu. Mhariri mkuu aliacha kugonga penseli mpaka walipoondoka, na mwenzangu wa kushoto akaniuliza kama nina kifutio, kwa sauti, kama watu wastaarabu. Sikupenda hata kidogo.

Binti yako


Aprili 22

Bi Maneno,

Marahaba. Nimefurahi jino limetoka. Mimi huku ni mzima wa afya na nina kazi za kutosha, nyingi za kupunguza suruali, maana watu wamekonda.

Unaniuliza maswali kama askari aliyeamka vibaya. Fundi saa nimempa dirisha kwa sababu saa ni ndogo kuliko suruali, hilo hata mtoto anaelewa. Na mwandiko kunenepa ni dalili ya raha. Mimi mwenyewe nimenenepa.

Huyo mtu wako wa kuchechemea nimempenda. Nimemsimulia fundi saa, akasema ni marehemu baba yake mtupu. Na mimi nimekupatia mfano wa kazi yangu, uuweke kwenye kamusi na chini yake uandike shangazi wa mwandishi. Kuna mifuko ya koti ambayo si mifuko. Unashona mdomo wa mfuko na kifungo chake, ndani hakuna kitu, mtu akitaka kutia mkono anagonga ukuta. Huo ni mfuko wa kujifanya. Halafu kuna kutililia. Tundu lipo, na wewe unatia nyuzi moja moja, juu, chini, juu, chini, mpaka kitambaa kiseme hakijawahi kutoboka. Hiyo ni disembo. Sasa usiniambie mhariri wako amekataa.

Uzi niliotumia kwenye koti lako ni mweusi na koti ni jeusi, kwa hiyo sijui unachokiona ni nini. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe unatazama kupita kiasi.

Kila mteja akiingia namwambia mwanangu anatengeneza kamusi. Juzi mwalimu mmoja wa shule ya sekondari aliniuliza itatoka lini, nikamwambia ikiwa tayari itatangazwa. Wale wapimaji walitaka nini? Hukumalizia.

Shangazi yako


Juni 2

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa na shughuli nyingi na nilihama chumba, anwani mpya iko nyuma ya bahasha. Chumba ni kidogo lakini mwenye nyumba ni mtu wa heshima. Kaka ameniandikia! Mstari mmoja: mtoto wa kike, wote wazima. Kwa kaka hiyo ni hotuba.

Uzi wa koti ni mweusi sawasawa, sikulalamikia uzi. Nalivaa kila siku na limenisaidia sana asubuhi hizi za baridi.

Mfuko wako wa kujifanya ni mfano safi na nimeuchukua kama ulivyo. Kwa kutililia, niruhusu nibishane kidogo, ndiyo kazi yangu. Mwenye nguo amekuletea tundu mwenyewe. Anajua lilipo, amekubali, mnashirikiana kulificha kwa watu wa nje. Kwa hao wa nje umepatia. Lakini dissemble kwa ukamilifu wake ni pale hata mwenye haki ya kujua haambiwi. Ni kama mwenye koti angerudishiwa koti bila kujua kama lilitoboka. Kama mtu amenilea, halafu ana tundu, halafu ananiandikia kwamba amenenepa, mimi si mtu wa nje.

Kazini kwema kabisa. Mhariri mkuu ni mtu mpole ukimzoea. Mwenzangu wa kushoto amenirudishia vifutio vyote. Chai siku hizi inakuja moto. Wale wapimaji walitaka kupaka rangi tu. Tumefika herufi ya G na tunakwenda kasi, kwa hiyo likizo sitaweza kuja, naomba usinitazamie.

Shangazi, umekwenda kwa daktari wa macho? Swali hili halihitaji mfano.

Binti yako


Julai 5

Mwanangu,

Marahaba. Usishtuke kuona mwandiko wa mtu mwingine. Nimejichoma sindano kidole cha kuandikia, kwa hiyo mimi nasema na fundi saa anaandika, na nimemwambia aandike kila neno kama lilivyo asiongeze hekima zake. Anasema hana nia hiyo.

Tumefurahi kwa mtoto. Kaka yako anasema watamleta akikomaa kusafiri, lakini namjua, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Uliuliza kuhusu daktari wa macho. Nimekwenda. Nilikwenda kumsindikiza jirani mmoja, mwanamke wa umri wangu, humjui, amehamia karibuni. Huyo maskini ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Amekaa na ugonjwa huo muda mrefu akidhani ni vumbi la kitambaa. Daktari amemwambia jicho la kushoto limeshachelewa, lisitegemewe tena. La kulia linaweza kupasuliwa na akaona vizuri kabisa, lakini lisisubiri mpaka mwisho wa mwaka, maana likisubiri litamfuata mwenzake. Tena hawampasui mpaka aje na mtu wake wa kukaa naye nyumbani wiki za mwanzo, amtie dawa ya matone, amzuie kuinama na kubeba vitu. Nilimwuliza, “Mtu wako ni nani?” Akasema, “Wapo, lakini wana kazi zao za maana, siwezi kuwavuruga.” Amerudi nyumbani bila kuweka tarehe.

Fundi saa amesimamisha kalamu, anataka kusema jambo. Nimemwambia anywe maji.

Wewe endelea na herufi zako. Nimewaambia wateja mmefika G.

Shangazi


Julai 24

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa kidole. Msalimie fundi saa, mwandiko wake ni mzuri na mkavu, kama wa mtu aliyejiuma ulimi ili asiseme.

Nimeisoma habari ya jirani yako zaidi ya mara moja. Mwambie kwamba hana haki ya kuamua peke yake kazi za watu wake zina maana kiasi gani. Mwambie awaulize. Pengine nafasi wanayo kuliko anavyodhani. Jicho moja lililobaki si kitu cha kulindia heshima ya mtu mwingine. Nimekasirika naye, na unaweza kumwambia hivyo, na mwambie pia kwamba nililia ndani ya basi njia nzima ya kurudi nyumbani, mpaka mwanamke niliyekaa naye akanipa leso yake akashuka bila kuidai.

Ingekuwa ni mimi mtu wake, ningekwenda. Ningelazimika kupanga na watu wa kazini, si jambo jepesi, tumebanwa na herufi ya I, mhariri mkuu ananitegemea. Lakini ingewezekana kupangwa. Labda mwezi wa kumi. Nitaangalia.

Kitenzi chetu nimekimaliza. Nimekubali kwamba neno moja hatuna. Mhariri mkuu ameipenda sana kadi yangu. Amenisifu mbele ya watu.

Binti yako


Agosti 12

Mwanangu,

Hii ni kalamu yangu mwenyewe, ile ya kuchorea vitambaa. Ndiyo maana neno moja linachukua nusu ya ukurasa. Naandika kwa kupapasa ukingo wa karatasi. Fundi saa alitaka kunisaidia, nikamkatalia, hili ni letu wawili.

Sikujichoma kidole. Na jirani humjui kwa sababu hayupo. Ulijua.

Sasa tuje kwako. Umeniandikia tangu ulipoanza kazi ile, na barua zako zote zilikuwa malalamiko. Penseli, kifutio, chai. Nilikuwa nasomewa, samahani, nilikuwa nazisoma nikicheka peke yangu. Mtu mwenye kazi huilalamikia, mwanangu. Mimi nalalamikia hii yangu kila siku na sijaiacha. Halafu ghafla, ulipohama chumba, mhariri amekuwa mpole, mwizi amerudisha vifutio, chai imepata moto, na wewe umesifiwa mbele ya watu. Ofisi gani hiyo? Fundi saa alipomaliza kunisomea ile ya mwezi wa sita alisema, “Huyu mtoto amefukuzwa.” Nilimtukana. Usiku nikajua ni kweli.

Nilinyamaza kwa sababu niliona unapenda nisijue. Na wewe ukaninyamazia kwa sababu hiyo hiyo. Mimi sikukuita kwa kuwa una kazi. Wewe hukuja kwa kuwa huna. Tungekaa hivi mpaka nipofuke, na kila mmoja angejisifu kwamba amemstahi mwenzake.

Mimi nina kazi, macho sina. Wewe una macho, kazi huna. Njoo.

Shangazi


Agosti 20

Shangazi,

Shikamoo.

Walifunga mwezi wa tano, wiki ya kwanza. Wale watu wa futi kamba walikuwa wanapimia magodoro. Pale palipokuwa na meza yangu sasa pana kitanda kikubwa chenye nailoni juu, na msichana mwenye sauti nzuri anakaribisha watu wajilaze. Mhariri mkuu alituaga mmoja mmoja, akanipa penseli yake, ile ile. Sikuweza kukuandikia hilo. Kila nikianza nilikuwa namwona yule mwalimu wa sekondari amesimama dukani kwako, anauliza kamusi itatoka lini, na wewe unamjibu ukiwa umeinua kidevu. Niliona haya, Shangazi. Si haya ya kufukuzwa, hata waliobaki wamefukuzwa. Ni haya ya kukushusha kidevu.

Kila asubuhi navaa koti na kutoka ili mwenye nyumba anione naenda kazini. Nakaa maktaba ya mji mpaka jioni. Nasahihisha matangazo ya gazeti moja dogo, yanapopatikana. Kadi yangu ninayo, hakuna aliyeiona wala kuipenda. Nakuandikia wewe, maana ni yako:

“Kuficha jambo ulilonalo kwa kuonyesha kama huna, hasa mbele ya mtu anayestahili kujua. Mf. Anachechemea, lakini mbele ya watoto wake hutembea wima.”

Na kwa kuwa hii ndiyo kazi pekee iliyobaki mikononi mwangu, naomba niifanye sawasawa. Wewe na mimi hatukufanya jambo moja. Wewe ulikuwa na ugonjwa ukaonyesha huna, kitenzi ni chako kwa haki. Mimi sikuwa na kazi nikaonyesha ninayo. Mimi ni mfuko wa koti.

Nimemrudishia mwenye nyumba funguo. Nafika Jumamosi kwa basi la mchana. Usije stendi, nitamwona fundi saa dirishani na nitajua nimefika. Daktari mwambie leo hii aweke tarehe, usingoje nifike.

Binti yako


Septemba 27

Mwanangu,

Umetoka kununua mkate na mimi siwezi kukusubiri, kwa hiyo nakuachia karatasi hii juu ya cherehani. Tazama mwandiko. Umekonda, sivyo?

Ulipokwenda nimekaa dirishani kwa fundi saa kama ulivyonipangia, sikuinama, sikubeba kitu, matone umenitia mwenyewe. Nimetazama barabara mpaka nimeichoka. Fundi saa amezeeka sana, hakuna aliyeniambia. Halafu nikageuka, na pale kwenye msumari nyuma ya mlango nikaliona koti lako, jua limelipiga ubavuni.

Uzi ni wa buluu. Si buluu ya kiza, mwanangu, ni buluu ya sare ya shule ya msingi. Una kiwiko cha buluu kwenye koti jeusi, unaonekana ukiwa ng’ambo ya barabara. Umelivaa hilo ofisini, umelivaa maktaba, umelivaa ndani ya basi, umelivaa hapa mbele ya wateja wangu, umewaambia wote ni fundi gani aliyelishona. Na mimi ukaniandikia kwamba uzi ni mweusi sawasawa. Nimeitafuta barua yenyewe na nimeisoma kwa jicho langu. Huko si disembo wala si mfuko. Huko ni kudanganya, waziwazi, kwa kalamu.

Nimekaa chini nikalia kidogo, nikakumbuka daktari amekataza, nikaacha.

Koti nimeshalifumua. Uzi mweusi nimeuvuta kwenye upindo wa koti lenyewe, kama inavyotakiwa. Litakuwa tayari kesho, kwa hiyo leo ukitoka tena utaona baridi.

Shangazi